Aliyeshika Simu

Asubuhi simu ilipokataa kumpima, fundi cherehani alidhani ni mwanga. Aliketi karibu na dirisha kama daktari wa macho alivyomwelekeza, nywele amezifunga nyuma, na dada yake mkubwa ameshika simu mbele yake. Ugonjwa wa tezi ya shingo ulikuwa umemtokeza macho, na kila asubuhi simu iliupiga picha uso wake, ikapima yametokeza milimita ngapi, ikamtumia daktari.

Siku hiyo iliandika: *Tafadhali, uso mmoja tu.*

"Sogea, Dada, umeingia kwenye picha."

"Niingieje, nami niko nyuma ya simu?"

Wakacheka. Walipojaribu tena ikakubali: ishirini na mbili.

Siku ya tatu ikawa ishirini na nne, ya tano ishirini na sita, ilhali hakuruka hata kidonge kimoja. Daktari akampigia.

"Unajipima mwenyewe?"

"Ananipimia dada."

"Hebu jipime mwenyewe siku moja."

Alijipima dada akiwa sokoni. Kumi na tisa. Dada aliporudi akashika simu, midomo ikimchezacheza kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Ishirini na nane.

Mchana huo alikuwa akipiga pindo la sketi ya shule aliposikia harufu ya nywele zilizoungua, akasimamisha cherehani, na katika ukimya ule akasikia kope zikifumba na kufumbua karibu na sikio lake, taratibu, kwa mlio wa kitu kibichi, naye akainua simu ajitazame, akaona vitone ambavyo simu hupimia vimeuzunguka uso wake, kisha vimeuzunguka uso mwingine uliolala ndani ya wake, mpana kuliko wake, unaosukuma macho yake kwa nyuma kama mtu anayechungulia dirisha dogo.

Alitoka mbio bila viatu. Alirudi na bibi mganga wa mtaa wa pili. Mganga akafunga mlango, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Umeingiaje humu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Kinywa cha fundi kikajibu kwa sauti nzito isiyo yake: "Sikuvunja mlango. Nilikaribishwa, kila asubuhi, na aliyeshika simu."

Dada akaketi sakafuni kama mzigo uliokatika kamba.

"Dada?" Sasa sauti ilikuwa ya fundi mwenyewe. "Dada, jini hili linasema uongo, sivyo?"

"Lilianza kwangu," dada akanong'ona. "Mwaka mzima linanikaba. Likasema litaniacha nikilipa macho mengine ya kutazamia, likanifundisha maneno ya kusema."

"Ukalipa yangu?"

"Wewe ulikuwa mgonjwa tayari. Nilidhani hutajua tofauti."

Fundi alimtazama yule aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano. Machozi yalimtoka bila kope kufumba.

"Kuliua siwezi," mganga akasema. "Naweza kulirudisha lilikotoka. Lakini mpaka wewe useme."

"Mdogo wangu, nakuomba," dada akalia, akimshika miguu. "Nakuomba."

"Ungeniambia, Dada. Tungehangaika nalo wote wawili." Akaivuta miguu yake. "Bibi, endelea."

Dada alipiga yowe moja tu.

Miezi miwili baadaye daktari alimpongeza fundi. Dawa, alisema, imefanya kazi. Dada sasa anakaa chumba cha ndani na hatoki. Fundi humpelekea chakula, humfulia, humsuka nywele, na majirani humsifu kwa moyo wake. Akimaliza, huaga kwa adabu, kisha hurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, akipapasa ukuta mpaka aushike mlango, kwa sababu kumpa mgongo dada yake hawezi tena.