Vizibo Viwili

Saa 1:05 asubuhi

Banda la Fundi lilikuwa nyuma ya nyumba yake na lilikuwa na mlango mmoja. Kwa siku tisa mlango huo haukukosa mtu wa kuulinda. Leo alisimama Pasi, aliyepewa jina hilo kwa sababu shati lake halikuwahi kuonekana na kunjo, hata siku alipomvunja mtu vidole.

Nanga, mkubwa wao, alipanga misumari minne juu ya kiti cha pikipiki ya maji.

"Huu hoteli. Huu gati. Huu ng'ambo ya ziwa. Saa nne kamili, mimi na shemeji yako tunaingia ofisini. Vito vya maonyesho vinatolewa kwenye sefu dakika hiyo. Saa nne na sita tuko gatini, na wewe uko majini unatusubiri. Saa nne na ishirini tuko ng'ambo."

"Na huo wa nne?" Fundi aliuliza.

"Hapa kwako. Pasi anabaki na mkeo. Saa nne na nusu nampigia. Nisipopiga..." Nanga alimtazama Pasi.

"Atajua mwenyewe cha kufanya," Nanga alimalizia, na Pasi akanyoosha ukosi wa shati.

Jikoni, mkewe alikuwa anaosha vyombo vilevile kwa mara ya pili. Alimsikia kupitia ukuta.

Aliyewaleta watu hawa alikuwa ndugu wa mkewe, na sasa alikaa juu ya ndoo, macho chini. "Kazi ndogo tu, shemeji," alisema siku ile. "Pikipiki ya mteja." Mteja akaja, akaweka bastola kwenye boksi la spana, akaomba chai.

Mashine yenyewe ilikuwa kikongwe cha miaka ishirini na mitatu. Nanga hakutaka mpya, maana mpya zina vifaa vinavyomwambia mwenyewe zilipo. Hii haikumwambia mtu chochote, hata kuwaka ilikuwa haiwaki. Petroli ya zamani iliganda ndani ya kabureta kama gundi. Panya walizaa chini ya kiti. Fundi alifungua kabureta zote mbili, akazibua matundu moja moja kwa waya, akabadilisha plagi, akakata mipira iliyopasuka, akanoa panga la pampu inayosukuma maji kwa tupa na kuziba ufa wa tumbo kwa faiba. Siku ya saba aliunga mpira wa bustani, akawasha injini kwanza ndipo akafungulia maji ya kuipoza, kama inavyotakiwa, na kikongwe kikanguruma. Fundi akatabasamu. Aliona aibu papo hapo. Alikuwa ameipenda kazi ya watu waliomshikia mke.

"Hii inabeba watu wawili," alisema sasa. "Sisi tuko watatu."

"Safari fupi," alisema Nanga.

"Nyuma itazama."

"Fundi." Nanga alikusanya misumari yake mfukoni. "Wewe endesha."

Saa 2:30 asubuhi

Walifunga mashine kwenye trela. Mlangoni, mkewe alisimama na Pasi nyuma yake. Hakulia. Alimtazama mumewe, kisha kaka yake, kisha mumewe tena.

"Mrudi wote wawili," alisema.

"Tutarudi," Fundi alijibu.

Shemeji alikaza kamba upande wa pili. "Nisamehe," alinong'ona.

"Kaza kamba."

"Vizibo?"

"Nimetia."

Lilikuwa swali lao la zamani. Mashine hizi zina vizibo viwili chini, nyuma. Ikiwa nchi kavu unavitoa, maji yaliyomo yatoke. Kabla ya kuingia ziwani unavirudisha. Miaka sita iliyopita Shemeji alisahau, na mali ya mteja ikazama taratibu huku wao wanakula mihogo ufukweni. Tangu siku hiyo haikupita safari bila kuuliza.

Kitu kimoja zaidi walikijua wao wawili tu. Mashine ikienda mbio bila vizibo, haizami. Kuna kimpira ndani kinachonyonya maji na kuyatupa nje kadiri injini inavyovuta. Shida ni kusimama.

Saa 3:58 asubuhi

Fundi alisimama majini hadi kiunoni, kando ya gati, ameishika mashine kwa usukani. Alivaa jaketi la kuelea. Nanga alikataa lake. Alisema litambana mkono wa bastola.

Jua lilichoma. Mtunza bustani alimwagilia maua na kumpungia mkono. Fundi akampungia. Angefanya nini? Apige kelele? Simu yake na ya mkewe alikuwa nazo Pasi. Akikimbia, saa nne na nusu inafika. Akitii, kule ng'ambo kuna pori, na Nanga ana bastola na hana haja tena ya fundi. Kisha ni nani atakayempigia Pasi simu? Alikuwa akipiga hesabu hiyo tangu jana, na kila njia iliishia ukutani.

Isipokuwa moja, na hiyo haikuwa na kurudi nyuma.

Saa 4:05 asubuhi

Mlio mmoja wa bastola. Halafu kelele za wanawake. Fundi alizamisha mkono mmoja, akapapasa chini nyuma ya mashine, akazungusha. Kizibo cha kwanza kilitoka. Cha pili kiligoma. Alikuwa amekikaza mwenyewe vizuri mno, na alijitukana. Kikaachia. Akavisukuma ndani ya jaketi, akaruka kitini, akawasha.

Nanga alitangulia kutokea gatini, mkoba wa vito kifuani. Shemeji alikuwa hatua kumi nyuma yake, anachechemea, kiatu kimoja hana. Nanga alikaa nyuma ya Fundi.

"Twende!"

"Shemeji bado!"

"Ulisema mwenyewe. Watu wawili."

Shemeji alifika ukingoni, akashika mshikio wa kiti. "Shemeji, usiniache!"

Bastola ililia kando ya sikio la Fundi. Mkono ule ukaachia. Alipogeuka, shemeji yake alikuwa amelala kifudifudi juu ya mbao, na mtunza bustani alikuwa anamkimbilia.

"Saa nne na nusu," Nanga alimwambia sikioni. "Mimi ndiye mwenye simu."

Fundi akavuta mafuta. Alilia huku anaendesha, na upepo uliyakausha machozi.

Saa 4:14 asubuhi

Katikati ya ziwa, alivuta kamba ya kuzimia injini iliyofungwa kwenye kifundo cha mkono wake. Injini ikafa.

"Nini?" Mdomo wa bastola ulimgusa kisogo.

Fundi alitoa vizibo na kuvionyesha juu ya kiganja. "Hivi vinatakiwa viwe nyuma. Sasa hivi maji yanaingia. Dakika nne, labda tano. Unajua kuogelea?"

Nanga alishikilia kiti kwa mkono wa pili, na hilo lilikuwa jibu.

"Piga simu. Mke wangu apewe simu yake, atoke, aende kwa jirani fundi cherehani. Nikisikia cherehani, navirudisha."

"Nitakuua."

"Niue. Utaiwasha wewe?"

Nyuma ya mashine ilianza kuzama. Maji yaligusa viatu vya Nanga, viatu vizuri. Akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Pasi. Mpe simu yake. Mwache aende... Nimesema mwache!"

Saa 4:19 asubuhi

Maji yalifika kitini. Kutoka gatini, boti ya polisi ilikuwa inakuja, bado ndogo. Fundi aliipokea simu ya Nanga na kupiga namba pekee aliyoijua kwa kichwa.

"Nimetoka," mkewe alisema, anahema. "Niko kwa jirani. Mlango nimefunga kwa komeo."

Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inakimbia, ikakata, ikakimbia tena. Fundi alifumba macho.

"Vizibo!" Nanga alipiga kelele. "Rudisha!"

"Injini imeshakunywa maji. Haiwaki leo wala kesho."

Alividondosha ziwani. Mashine ikainua pua, ikalala ubavu, na wote wawili wakaingia majini. Bastola ilizama na mkoba ukafuata. Nanga alilikumbatia jaketi la Fundi kwa mikono yote miwili, shavu kwa shavu, na Fundi hakuwa na nguvu ya kumbandua. Aliinua simu juu ya maji.

"Haloo?" mkewe aliita. "Mko salama? Haloo? Mpe kaka yangu simu, nimsikie."

Fundi alifungua mdomo. Boti ilikuwa karibu sasa, na Nanga alitetemeka shingoni mwake.

"Mpe kaka," alisema mkewe.