Kishikwambi Kilipolala kwa Mama Mitchelle

Majirani zangu wa Mowlem, na nyinyi wa Umoja mnaopenda kutucheka, sogeeni. Habari hii haikutoka mbali. Ilitoka kwenye ploti yetu, ghorofa ya nne, kwenye milango miwili inayotazamana. Aliyekosea ameniruhusu nimtaje jina, kwa hiyo asije mtu kuniuliza nimepata wapi ujasiri.

Mlango wa kushoto anaishi Nasike, ambaye sote tunamwita Mama Mitchelle. Anauza mboga pale langoni. Mlango wa kulia anaishi Ndindi, Mama Mbeti, karani katika kampuni moja huko Industrial Area. Binti zao wako Gredi ya Sita katika shule moja. Jumamosi asubuhi ungewakuta kina mama hao kwenye paa wakianika nguo, huyu akimwazima yule vibanio, huku wakiwacheka binti zao waliokuwa chini wakipiga picha takataka.

"Shika hiyo ganda poa, usitingishe," Mitchelle alimwambia Mbeti siku moja.

"Harakisha basi, siz. Inanuka."

"Hata wewe unanuka na sijalalamika."

Kazi hiyo walipewa na Mwalimu Kyule wa kilabu cha kompyuta. Aliwafundisha akili unde kwa njia ambayo mtoto anaweza kuielewa: mashine haijui kitu mpaka ionyeshwe. Ionyeshe picha nyingi za chupa za plastiki, kisha picha nyingi za maganda, uiambie kipi ni kipi, nayo itaanza kuvitenga yenyewe. Wasichana hao wakachagua kuifundisha kutenga taka, kwa sababu sisi tunaoishi karibu na jaa la Dandora hatuhitaji kuambiwa taka ni nini. Vishikwambi vilikuwa vichache, hivyo watoto walifanya kazi wawili wawili, na kila Ijumaa kifaa kililala nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu.

Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Wageni wa shirika fulani wangekuja kuona kazi za watoto na kuchagua mtoto mmoja, atakayefundishwa bure likizo nzima katika kituo cha kompyuta kule Donholm. Mtoto mmoja tu. Kila mzazi alijua hivyo, na kila mzazi alijifanya hajali.

Basi jioni moja Mwalimu Kyule akatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mbeti alikuwa katikati, ameshika kishikwambi, meno yote nje. Kando yake ulionekana mkono wa mtoto mwingine, umekatwa kwenye kiwiko. Pongezi zikamiminika. Hongera Mama Mbeti. Mungu akuinulie huyo mtoto. Nasike alizisoma akiwa kibandani, kisu mkononi.

Ndindi akatokea akitoka kazini. "Mama Mitchelle, nikatie sukuma. Umeona mambo ya watoto wetu?"

"Nimeona mambo ya mtoto wako."

Ndindi alicheka, akidhani ni utani. Lakini nyinyi mnaonunua pale mnajua jinsi Mama Mitchelle anavyokata sukuma: nyembamba, laini, mkono haupumziki. Siku hiyo alimkatia jirani yake majani mapana, kama anayelisha mbuzi. Wivu ulikuwa umeshafika mkononi.

Nyumbani alimwita binti yake.

"Kwenye ile picha wewe ulikuwa wapi?"

"Si niko hapo, mathe. Huo mkono ni wangu."

"Mkono. Mimi nilizaa mtoto mzima, shule inanionyesha mkono."

"Mwalimu alipiga tu haraka haraka."

"Na siku ya wazazi nani atasimama mbele ya wageni?"

"Mbeti. Mimi naogopa watu wengi, nikisimama mbele yao sauti inapotea. Lakini mathe, zile picha ndizo—"

"Nyamaza. Ni Mbeti. Nimesikia."

Majirani, naomba msimame hapa kidogo. Mtoto alikuwa amefungua kinywa aeleze. Angeachwa amalize sentensi moja tu, nisingekuwa na hadithi ya kuwasimulia. Lakini mtu mwenye wivu haulizi. Anajua tayari.

Tangu hapo Nasike hakupata raha. Nguo alianika peke yake. Kicheko cha Ndindi kikipenya mlangoni, yeye aliongeza sauti ya redio. Akilini alimwona Mbeti Donholm, amevaa kitambulisho shingoni, na Mitchelle wake langoni akifunga vitunguu kwenye mifuko. Picha hiyo hakuna aliyempigia. Aliipiga mwenyewe, akalala nayo na kuamka nayo.

Ijumaa ya kuamkia siku ya wazazi, zamu ya kuweka kishikwambi ilikuwa ya Mitchelle. Mtoto alikiweka juu ya kabati, akachukua mitungi, akashuka kupanga foleni ya maji. Nasike alikuwa anasonga ugali. Aliepua sufuria ugali haujaiva, akapangusa mikono, akakishusha.

Kukifungua alijua, kwa sababu binti yake ndiye aliyemfundisha. Akazikuta: chupa za soda, vifuniko, maganda ya ndizi, ya viazi, ya machungwa, majani ya sukuma yaliyooza. Akaona kesho yake, Mbeti amesimama mbele ya wageni na picha hizo. Akazichagua zote. Akabonyeza futa. Kifaa kikamuuliza kama ana hakika zifutike kabisa. Alikuwa na hakika.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa. Mimi nilisimama karibu na mlango. Mbeti alitoka mbele, akasalimia wageni kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akaeleza kwamba wataifundisha mashine pale pale, kila mtu akiona. Akafungua kishikwambi. Akatafuta. Akatazama nyuma.

"Mwalimu, picha haziko."

Mwalimu Kyule alikichukua, akatafuta kila mahali. Uso wake ukabadilika. "Kililala kwa nani?"

Mitchelle alisimama. "Kwetu."

Ndindi alimgeukia Nasike. "Mtoto wako ameangusha wangu, Mama Mitchelle. Mbele ya watu wote hawa."

Nasike akakaza macho sakafuni. Moyoni, amenikiria mwenyewe, alikuwa anafurahi.

Ndipo mwalimu akawaambia wageni, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Naomba radhi. Huyu Mitchelle ndiye msichana niliyewaeleza habari zake. Wazo la taka ni lake, na kila picha aliipiga yeye. Mbeti alikubali kumsemea kwa sababu anaogopa umati. Mlikuja kumwona yeye."

Nasike aliinua kichwa. Binti yake alikuwa anamtazama.

"Mitchelle, ulizifuta?" mwalimu akauliza.

Mtoto alimtazama mama yake kama anayesubiri gari lipite avuke barabara, akimpa nafasi. Mama akarudisha macho sakafuni.

"Labda nilibonyeza vibaya," Mitchelle akasema.

"Haiwezekani. Inauliza kwanza."

"Basi ni mimi."

Wageni walimshika mkono kwa heshima, wakapita kwenye meza nyingine. Nafasi ya Donholm ilikwenda kwa mtoto wa darasa jingine.

Njiani kurudi Nasike alisema, "Jumatatu nitaenda kumwambia mwalimu ukweli."

"Wageni washaenda, mathe."

Alikwenda kweli. Alisema kila kitu mbele ya Mwalimu Kyule na mbele ya Ndindi, akalia, akasamehewa. Mitchelle alisafishwa jina, na bado yuko kwenye kilabu, na sasa anapiga picha upya. Nyumbani ana adabu kama zamani. Anamsalimia mama yake, anaosha vyombo, anakwenda kuchota maji. Ila Ijumaa zamu yake ikifika, hapandi na kishikwambi hadi mlango wa kushoto. Anabisha mlango wa kulia.

"Mama Mbeti, naomba unikalie nacho mpaka kesho."

Nasike husikia kila neno, maana milango inatazamana.

FUNZO

Wazazi wa Mowlem, shule sasa zinawapa watoto wetu kazi ambazo sisi hatukuzisoma. Mtu akitokea kwenye picha ameshika kifaa, hiyo haimaanishi ndiye aliyefanya kazi. Muulize mtoto wako anafanya nini, kisha umwache amalize kusema. Walimu nao wakipiga picha wapige watoto wote, si mmoja na mkono wa mwenzake, kwa sababu mtaa huu unasoma picha kwa macho makali.

Lakini lawama kubwa siiweki kwa mwalimu. Naiweka kwetu. Ukimwonea wivu mtoto wa jirani, huyo jirani hatalipa. Atakayelipa ni mtoto wako, naye atalipa kimya kimya, ndani ya nyumba yako mwenyewe. Nasike alitaka mtoto mmoja apoteze nafasi, na mmoja akapoteza. Kama kuna mlango unaotazamana na wako na umeacha kuubisha, nenda leo. Usingoje siku ya wazazi.