Shimo la Kapua

Kila Jumamosi asubuhi Kapua na baba yake waliingia katika uwanja wa zamani wa ndege za jeshi, huko Hawaii, na hakuna mlinzi aliyewauliza lolote. Wanajeshi walikuwa wamefunga kambi na kwenda zao, na ajira zikaenda nao. Baba, aliyekuwa fundi wa ndege, sasa alishika koleo kama majirani zake. Walitaka halmashauri iwaachie ardhi ile walime, isije ikageuzwa jalala la magari mabovu.

Ardhi yenyewe ilikuwa mwamba wa matumbawe, lakini umejaa mashimo, na humo ndimo Wahawaii wa zamani walimopanda chakula chao. Kazi ilikuwa kubeba mwani na majani yaliyooza, kikapu baada ya kikapu, mpaka shimo lijae.

Kapua, msichana wa miaka kumi na miwili, alipewa shimo la kupanda mshelisheli. Vikapu vichache tu, akachoka. Rafiki yake Ikaika alikuwa anamsubiri na ubao wake wa kutelezea juu ya mawimbi. Basi Kapua akatumbukiza shimoni mabonge ya lami ya uwanja, akafunika kwa majani, akapanda mche wake juu.

"Umeshamaliza?" Ikaika alishangaa.

"Zamani! Twende zetu baharini."

Mvua zikanyesha. Asubuhi ambayo mkaguzi wa halmashauri alitarajiwa, mche wa Kapua ulikuwa umenyauka. Katika shimo la jirani, magimbi ya Bibi Luana yalikuwa yamegeuka manjano, na mafuta yalielea juu ya maji ya mvua.

"Jamani, magimbi yangu!" Bibi Luana alilia.

"Ni hao wanajeshi," Baba alifoka. "Wametuachia sumu ardhini!"

Anti Leimomi, kiongozi wa shamba, alikaa chini akashika kichwa. "Mkaguzi akisikia ardhi ina sumu, tumekwisha. Hatatupa hata shimo moja."

Ikaika alimnong'oneza Kapua, "Nyamaza wewe. Si wanasema ni jeshi?"

Kapua alimtazama Bibi Luana akifuta machozi kwa ukingo wa gauni, akashindwa kuvumilia.

"Si jeshi, Anti. Ni mimi. Nilijaza lami ili niwahi kwenda kuogelea."

Baba akaangua kicheko. "Lami! Miaka yote nimefanya kazi juu yake, leo binti yangu anaipanda! Lete koleo, mwanangu."

Mkaguzi alipofika aliwakuta wote wameinama juu ya mashimo, wametapakaa tope, Kapua akiwa ndani kabisa, akirusha mabonge nje. Kapua alipomweleza kosa lake, mkaguzi alivua viatu vyake vilivyong'aa, akaomba kikapu. Jioni aliondoka akiwa na tope hadi magotini, akisema ardhi haina sumu, na halmashauri ikawaachia.

Wakati wa chakula Anti Leimomi alimvuta Kapua karibu.

"Tumewalaumu sana wanajeshi kwa uchafu waliofukia hapa," alisema. "Na wewe ulifukia wako, ukaweka majani juu. Unajua mlipotofautiana?"

Kapua akaweka sahani yake chini.

"Wewe ulirudi kuufukua. Kila mtu hukosea, mwanangu. Shamba hili linataka watu wanaorudi. Haya, kula, kesho ukabebe mwani. Safari hii, ujaze shimo!"