Mstari wa Themanini na Saba

Jumamosi ile fundi viatu alifunga kibanda mapema. Binti yake alikuwa amekuja nyumbani.

Binti huyo alikuwa mtafiti wa chuo kikuu. Alichunguza jinsi siri za watu zinavyovuja kupitia simu na kompyuta. Kwa miaka minne alikuwa akisomea shahada ya uzamivu. Jumatatu jopo la chuo lingekaa kuamua kama anafaa kuwa mhadhiri.

Baba yake aliishia darasa la sita. Kazi ya mwanawe hakuielewa vizuri, lakini aliijivunia kuliko mwanawe mwenyewe. Alimwita Profesa tangu akiwa na meno ya utotoni.

Baada ya chakula alimwomba amwonyeshe hiyo kazi. Binti akaweka kompyuta mezani, akafungua jedwali refu. Alieleza kwamba aliwahoji watu mia mbili na kumi wa mitaa ya jirani, baba mwenyewe akiwamo. Aliwauliza ni nani hushika simu zao na nani anajua namba zao za siri. Majina yote alikuwa ameyafuta. Kila mtu alibaki mstari mmoja: umri, kazi, mtaa, idadi ya watoto, na majibu yake. Jana alikuwa ameliweka faili kwenye maktaba ya chuo ya mtandaoni, ili watafiti wengine walitumie.

Baba alianzia katikati, akasoma polepole, kidole kikiwa juu ya kioo. Kwenye mstari wa themanini na saba kidole kikasimama.

“Huyu ni Mama Greda,” alisema.

Binti alicheka. “Baba, humo hakuna majina.”

“Mwanamke, miaka arobaini na sita, dereva wa greda, watoto sita, mtaa wa ghalani. Profesa, wanawake wangapi wanaendesha greda hapa kwetu? Juzi tu nimemshonea buti.”

Binti akaacha kucheka. Alisoma majibu ya mstari ule kana kwamba hajawahi kuyaona. Mume husoma simu yangu kila siku. Nina simu ya pili, iko kazini. Napanga kuhama, yeye hajui.

Mume wa Mama Greda alijulikana mtaani kote, na si kwa upole. Mwaka jana alimvunja mkewe mkono, akasema ameteleza bafuni.

Baba alijikuna shingo. Kisha akasema kuna jambo hajamwambia. Asubuhi alikuwa ametuma anwani ya faili lile kwenye kundi la mtaa, la simu. Binti ndiye aliyemtumia ile anwani usiku uliopita, naye baba alitaka watu waone kazi ya mtoto wake. Mume wa Mama Greda alikuwa mwanachama wa kundi.

Walitazama simu pamoja. Watu kumi na wanne walikuwa wameshausoma ujumbe. Jina la mume yule halikuwamo.

“Bado,” alisema binti.

Baba akaufuta ujumbe. Binti akaingia kwenye maktaba ya chuo, akalificha faili. Maktaba ilionyesha kwamba limepakuliwa mara mbili. Na nani, haikusema.

“Basi, yamekwisha,” alisema baba. “Nyamaza. Jumatatu chukua kazi yako. Nani atajua?”

Binti alisimama. Miaka minne si kitu cha kutupa. Alizunguka chumba mara mbili, kisha akampigia mtunza data wa chuo, mama mmoja mwenye maneno makavu. Akamweleza yote, bila kupunguza.

Mtunza data hakumgombeza. Alimwambia kwamba kufuta majina hakutoshi. Kazi adimu ni jina. Ukiiunganisha na mtaa na idadi ya watoto, umeshamchora mtu mzima. Faili limetoka, haliwezi kurudi. Kwa hiyo mwenye siri lazima aambiwe leo, na chuo kipewe taarifa ya maandishi kabla ya jopo kukaa.

“Nikiandika, wataisoma Jumatatu,” alisema binti.

“Wataisoma. Lakini ukinyamaza, mwanamke yule atalala kwa mumewe leo akidhani siri yake iko salama.”

Binti akaanza kutafuta namba ya Mama Greda. Mtunza data akamzuia palepale.

“Usimpigie wala kumwandikia. Si wewe mwenyewe umesema mume ndiye anayeisoma hiyo simu? Nenda kwa miguu yako.”

Baba na binti walimkuta Mama Greda kwenye barabara inayochongwa nyuma ya maghala. Greda lilinguruma, vumbi limetanda. Baba alipunga mkono mpaka mashine ikazimwa. Mama Greda akashuka, akasikiliza mpaka mwisho, glavu zikiwa mkononi.

“Uliniambia hutaandika jina langu,” alisema.

“Sikuliandika, shangazi. Lakini nimekuanika. Kosa ni langu.”

“Na langu,” alisema baba. “Mimi ndiye niliyelitangaza.”

Mama Greda alikung'uta vumbi kwenye glavu. Akauliza ni watu wangapi wameona. Waliposema hawajui, alipanda kwenye greda, akatoa simu ndogo chini ya kiti, akampigia dada yake. Jioni ile, mume akiwa bado kazini, yeye na watoto sita walikuwa wameondoka.

Jumapili mume alikuja kibandani kwa fundi viatu. Alitaka kujua ujumbe uliofutwa kwenye kundi ulihusu nini. Fundi alikuwa na misumari mitatu mdomoni. Aligonga wa kwanza, akagonga wa pili.

“Viatu,” alisema.

Mume akageuka, akaondoka.

Jumatatu binti aliweka taarifa yake juu kabisa ya karatasi za jopo. Walimhoji kwa saa nzima. Ajira iliahirishwa kwa miezi mitatu, na akaamriwa alitengeneze faili upya. Alilia garini, kisha akaanza kazi. Mitaa aliiondoa, akaandika wilaya tu. Umri aliuandika kwa makundi ya miaka kumi kumi. Kazi aliziweka kwenye mafungu makubwa, na idadi ya watoto akaifuta. Majibu ambayo watu walijieleza kwa maneno yao wenyewe, kama yale ya simu ya pili, hayakutoka tena chuoni.

Kisha akaongeza hatua ambayo haikuwa kwenye kitabu chochote. Kabla ya kutoa faili, aliwapa fundi viatu, muuza nyama na kinyozi wajaribu kumtambua mtu yeyote. Jopo lilipoiona hatua hiyo, lilimpa kazi.

Katika jaribio hilo baba alilisoma faili jipya siku mbili. Alirudia mstari wa themanini na saba mara kadhaa. Mwishowe akavua miwani.

“Simjui hata mmoja,” alisema kwa hasira kidogo.

“Hata mtu wa mstari wa kumi na tisa?”

Akausoma tena. Mwanaume, miaka hamsini hadi hamsini na tisa, kazi ya mikono.

“Simjui. Ni nani?”

“Ni wewe, Baba.”