Mlango wa Kushoto wa Corolla ya Mume Wangu

Nilimkamata kwa kilemba nikamvuta nje ya gari la mume wangu, na yule mwanamke hakusema hata neno moja...

Mdomo ulikuwa umemjaa, hawezi kuongea. Mimi nikadhani ni kiburi!

Jamani ngojeni niwapange vizuri, maana wengi hapa Mwanza mmeiona ile video na mmenicheka sana. Leo mnisikilize na mimi.

Naitwa Leonsia, naishi Mabatini na mume wangu Florian. Na niseme ukweli, mimi nina wivu. Mume wangu akicheka na simu, chai inanipalia. Sijifichi.

Sasa tuna Corolla ya zamani. Mlango wa mbele kushoto, upande wangu mimi mke wa ndoa, kwa ndani ulikuwa uchi. Ile bodi ya kufunika ililowa mvua ikaoza, Florian akaing'oa akaitupa.

Kikabaki chuma kitupu, waya zinaning'inia, na nailoni imebandikwa. Magauni yangu yamechanikia pale. Kushuka mpaka niteremshe kioo, nitoe mkono nje, nijifungulie kama mahabusu.

Kila nikimwambia ananijibu tutatengeneza, mke wangu, tutatengeneza. Mwaka ukaisha.

Halafu ghafla tu, bila kuambiwa na mtu, akaanza kuuhangaikia ule mlango. Anarudi nyumbani ananuka gundi. Simu anapokelea nje, nikimuuliza anasema ni fundi.

Nikajiuliza, huyu mwanaume kaniacha nichanike nguo mwaka mzima. Leo nani kamfanya auonee aibu mlango wake?

Wivu ukanikaba, wapendwa. Nilikuwa nakula chakula sisikii hata chumvi.

Nikamweleza shoga yangu Odeta. Huyu ni jirani yetu, mwanamke mrefu, mpole, Mjita, anauza dagaa hapa hapa Mabatini. Hakuna siri ya ndoa yangu aliyokuwa haijui. Akanishika mkono, akaniambia nitulie, yeye atanisaidia kuangalia.

Haikupita wiki, akanipigia simu.

"Shoga, wahi Mirongo, pale wanaposhona viti vya magari. Florian kakaa na mwanamke ndani ya gari. Tena kiti chako."

Sikubadilisha hata kandambili. Nikadandia bodaboda.

Kweli bwana. Namkuta mwanamke kakaa mbele kushoto, kaegemea, na Florian kachuchumaa nje kamshika kiwiko cha mkono...

Mengine mliyaona kwenye video. Nilimvaa. Kilemba kikabaki mkononi mwangu. Nikamwita majina ambayo hapa siwezi kuyaandika.

Yeye akanyoosha kiganja taratibu, akatema vipini vya plastiki, vile vya kubania bodi kwenye mlango. Kumbe alikuwa amevishika kwa meno.

"Dada," akasema, "mimi ndiye fundi."

Anaitwa Dorcas, na ile karakana ni yake. Bodi mpya ilikuwa inachongwa upya kabisa, kwa hiyo alikaa kwenye kiti ili Florian amwekee alama mkono unapofika, pajulikane pa kuweka egemeo. Ndivyo wanavyofanya kazi yao.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na Florian akanimaliza mbele yao.

"Mlango nilikuwa nakutengenezea wewe, Leonsia. Nilitaka ushangae tu."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikampigia Dorcas magoti. Nikaomba msamaha hadi kwenye jumuiya, wanajumuiya wananiangalia kwa huruma. Odeta alikaa pembeni yangu siku ile, ananipigapiga mgongo.

Lakini adhabu yenyewe ilianzia nyumbani. Tangu siku ile Florian akichelewa, nikifungua tu mdomo kuuliza, ananijibu kwa upole, "Unataka twende tena Mirongo?"

Nanyamaza. Akilala nje akasema gari lilimharibikia, nanyamaza. Mtaani jina langu likawa Mama Mirongo. Hata ningemfumania kweli, nani angeniamini mimi?

Wivu haukuisha, wapendwa. Nilikuwa nao ndani kwa ndani, unanichoma, na sina ruhusa ya kuusema.

Ndipo mama mkwe wangu, mama Kokugonza, akaja na meli ya Bukoba, na senene zake na mikungu ya ndizi. Tukaenda kumpokea bandarini, akakalishwa mbele.

Tulipofika nyumbani akashindwa kushuka. Anapapasa mlango, anapapasa, wapi. Egemeo limevalishwa kitambaa chekundu cha manyoya kizuri sana, lakini kishikio hakionekani.

Simlaumu. Kishikio cha zamani kilipotea na bodi, Dorcas akafunga cha gari la aina nyingine, kikakaa chini kabisa ya egemeo. Unaingiza vidole kwa chini, unavuta juu, na hapo hapo unasukuma kwa bega. Mimi mwenyewe nilihangaika wiki nzima ndipo nikauweza.

Mama akafunguliwa kwa nje. Akaapa hakai tena mbele.

Kesho yake Odeta akaja kumwamkia. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, wakapendana hapo hapo. Sisi tulikuwa tunakwenda Butimba kumsalimia ndugu yetu, Odeta akaomba tumshushe njiani.

Mimi na mama tukakaa nyuma. Odeta akakaa mbele. Akapapasa kile kitambaa, akashangaa.

"Kumbe ndiyo kimependeza hivi! Mnajua tangu litengenezwe sijawahi kulipanda?"

Florian akasema kweli, hujawahi.

Tukafika anaposhukia. Odeta akageuza uso nyuma kutuaga, anatucheka, anamtakia mama siku njema. Macho yako kwetu...

Mkono ukazama chini ya egemeo. Ukavuta juu. Bega likasukuma. Mlango ukafunguka.

Hakutazama. Hakupapasa hata kidogo.

Nikafungua mdomo, nikakumbuka Mirongo, nikaufunga.

Lakini mama Kokugonza alikuwa ameshaona.

"Mwanangu," akamwita, sauti ya chini kabisa, "kuufungua mlango huu umefundishwa na nani?"

"Nimebahatisha tu, mama."

"Basi rudi ukae, ubahatishe tena. Safari hii mimi nitakuwa nakuangalia."

Odeta hakurudi kukaa. Akamtazama Florian. Na Florian akainamia usukani, hakuinua kichwa.

Hiyo ilitosha. Mama akanishika mkono kule nyuma, akaniambia, "Nisamehe, Leonsia. Ile video hata mimi nilitumiwa. Nilikuja huku kukusema wewe."

Nililia, jamani. Nililia kwa uchungu, na nililia kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyeona nilichoona.

Butimba hatukwenda. Kikao cha ukoo kimeitishwa, mama kakataa kuondoka mpaka kikae, na Florian analala kwa kaka yake. Ndoa yangu sijui kama itapona, siwezi kuwadanganya.

Ila nimewaza sana ile simu ya Odeta. Mtu anayeuza dagaa Mabatini, ya kule Mirongo siku ile aliyajuaje, nani kakaa na nani? Aliambiwa na mwenye gari. Wakanielekeza kwa mwanamke asiye na hatia, nikajiumbua mwenyewe, ili siku nikisema kweli nionekane nimeanza tena.

Wivu wangu ulikosea mtu tu. Jambo lenyewe lilikuwepo.

Dada zangu, anayekupigia simu uwahi kufumania, kabla hujavaa kandambili muulize kwanza: na wewe mwenzangu, umejuaje?