Maneno Ambayo Orpha Hakuyasoma

Kila siku baada ya shule, Orpha aliosha vyombo, akateka maji, kisha akaketi kwenye kibaraza cha nyumba yao ya Kikula akiwa na karatasi mapajani. Tantine Bibiane, mdogo wa marehemu mama yake, aliketi karibu na kinu akitwanga sombe, majani ya muhogo. "Soma," alisema. Orpha alisoma sentensi moja, na tantine akairudia huku akitwanga. Akikosea, walianza upya. Hivyo ndivyo maneno ya mchezo yalivyomwingia tantine kichwani, na yakishaingia hayakutoka tena.

Jamani, nani asiyemjua Bibiane pale Likasi! Alianza kuigiza akiwa msichana, katika ukumbi wa parokia moja kule Kambove. Baadaye alizunguka na kikundi chake hadi Kapolowe na Mulungwishi, wakicheza juu ya meza zilizounganishwa pale pasipokuwa na jukwaa. Aliwahi kuwa malkia, mlevi, na mama mkwe mwenye ulimi mkali. Huyo mama mkwe ndiye aliyependwa kuliko wote. Hata miaka mingi baadaye wauza samaki wa sokoni walimwita, "Mama Mukwe, kuja huku! Leo hautatutukana?" Naye aliwatukana vizuri, soko zima likacheka.

Sasa mvi zilikuwa zimeanza kuchomoza, na filamu ikamfuata mlangoni. Madame Josée, mwongozaji kutoka Lubumbashi, alimpa nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: mama ambaye mwanawe ameuza shamba la familia kwa siri, kisha akakimbia.

Lakini tantine alikuwa na jambo alilolificha. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Herufi hakuziona kabisa, na watu aliwatambua kwa sauti. "Usiambie muntu," alimwonya Orpha. "Wakijua macho yangu hayaone muzuri, watatafuta mwengine. Hii kazi nimeingojea maisha yangu yote."

Ijumaa moja jioni, walipokuwa katikati ya kusoma, mtaa mzima ulilipuka kwa shangwe. "Courant imerudi!" Umeme ulikuwa umekatika wiki nzima. Shekina, rafiki yake Orpha, akaita kutoka ng'ambo ya barabara, "Orpha! Mbio, série ya televisheni inaanza!"

Orpha alitazama karatasi. Onyesho la mlangoni, mtoto anaporudi kwa mama, lilikuwa limebaki na kurasa mbili, maneno yamebanana. Akazifunua zote kwa pamoja, akasoma mstari wa mwisho tu: Mama anaingia ndani.

"Imeisha, Tantine."

"Imeisha? Mutoto anarudi, na mama anaingia tu, hasemi kitu?"

"Njo vile waliandika."

"Basi sawa. Aksanti, mutoto wangu."

Moyo ulimsuta Orpha, lakini alijipa maneno matamu: onyesho lile litapigwa picha wiki ijayo, kesho nitamsomea. Akatoka mbio.

Kesho yake alfajiri simu ililia. Mwenye nyumba iliyokodiwa kwa ajili ya filamu alikuwa amebadili mawazo, anaitaka nyumba yake. Onyesho la mlangoni lilipaswa kufanywa siku ile ile. Gari la Madame Josée lilikuwa tayari njiani.

Orpha aliposhika mfuko wa nguo za tantine, karatasi zilikuwa ndani, na angeweza kusema. Hakusema. Ndani ya gari tantine alikuwa akirudia maneno yake chini chini, mkono wake juu ya bega la Orpha. Hapo pia angeweza kusema. Alifumbua mdomo, dereva akageuka kuwasalimu, akaufumba.

Walikuta kamera imeshasimikwa uani. Suzanne, mwigizaji wa kikundi cha tantine aliyepewa nafasi ya jirani, alikuwa ameketi pembeni. Gracien, kijana aliyeigiza mtoto mpotevu, alisimama mbele ya mlango na vumbi limepakwa miguuni.

"Tayari? Twende!" Madame Josée alisema.

"Mama," Gracien alianza, "nimerudi. Nifukuze ao unifungulie."

Tantine alimtazama kwa uchungu mkubwa hata mshika taa aliyekuwa na kikohozi akasahau kukohoa. Kisha akageuka, akaingia ndani.

"Kata! Maman Bibiane, unaenda wapi? Maneno yako?"

"Maneno gani?"

Walidhani anatania. Wakarudia. Gracien akasema maneno yake, tantine akaingia ndani tena.

"Pale kuna kurasa mbili nzima!" Madame Josée alipandisha sauti. "Njo moyo wa filamu! Haukujifunza?"

"Nilijifunza yote," tantine alijibu, na sauti yake, ile sauti iliyojaza kumbi bila kipaza sauti, ilikuwa imepungua. "Minye sijawahi kusahau. Hata siku moja."

Watu wakaanza kunong'onezana. Mmoja akasema uzee hauna dawa. Madame Josée alitazama jua, akatazama saa, kisha akamwita Suzanne na kumwuliza kama anaweza kuyashika maneno yale haraka. Suzanne aliinamisha kichwa kwa aibu, lakini hakukataa.

Tantine aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Orpha alimsogelea akitegemea kumkuta na hasira. Badala yake tantine alimvuta karibu.

"Orpha, mama yangu alianza hivi hivi," alinong'ona. "Kwanza alisahau nyimbo za kanisa. Kisha akasahau jina langu. Sasa njo zamu yangu. Kichwa kinanitoka, mutoto wangu."

Loo! Orpha alijiona mdogo kuliko sisimizi. Angesema, angejiumbua mbele ya watu wote, na siri ya macho ingetoka pamoja na uongo wake. Angenyamaza, tantine angerudi nyumbani akiamini kwamba akili yake inakufa.

"Hakusahau!" alipiga kelele. Kila mtu akageuka. "Madame, minye sikumusomea! Niliruka zile kurasa mbili. Nilitaka kwenda kuangalia televisheni, nikamudanganya imeisha."

"Kumusomea?" Madame Josée aliuliza polepole. "Ju ya nini asomewe?"

Orpha, akilia, alimtazama tantine. Tantine akainuka mwenyewe. "Ni kweli. Macho yangu yameingia ukungu, hayaone tena herufi. Nilificha."

"Na wiki ijayo nilikuwa nikushushe kwenye lori linalotembea!" Madame Josée alishika kichwa. "Ungeanguka chini ya magurudumu, ningesema nini kwa Mungu? Mama mukubwa sawa weye, unaficha!" Alizunguka ua mzima akigomba, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Mwishoni alisimama. "Jua bado liko kwenye mlango. Likitoka pale kabla haujashika maneno, Suzanne anaingia. Mutoto, soma!"

Orpha akasoma. Sauti ilikwama, akakohoa, akaendelea. Safari hii hakukuwa na kinu; tantine alipigapiga paja lake kwa kiganja. Sentensi ikaingia, nyingine ikafuata. Mwanga ulikuwa ukiteleza kutoka kwenye mlango, na Suzanne naye alikuwa amesimama tayari. Orpha alisoma hadi nukta ya mwisho, kisha akarudia tangu mwanzo bila kuambiwa.

"Inatosha," tantine alisema.

Gracien akarudi mlangoni. "Mama, nimerudi. Nifukuze ao unifungulie."

"Shamba lilipoondoka sikulia," tantine alianza. "Nililia ulipokosa kuniambia." Akaendelea mpaka mwisho bila kukosea hata neno. Alipoingia ndani, Gracien alikuwa analia kweli, na Madame Josée alichelewa kusema kata.

Nafasi ikabaki kwa Bibiane, lakini kwa sharti: onyesho la lori litangoja hadi daktari ayaone macho yake. Jumatatu hospitalini waliambiwa ni mtoto wa jicho, na kwamba ukungu ule unaweza kuondolewa. "Ungekuja mapema, Mama, usingeteseka hivi," daktari alisema. Tantine alicheka kidogo. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Minye nimeumbuliwa na mutoto, afadhali."

Walipotoka, Orpha alisimama kando ya ukuta. "Tantine, umenisamehe?"

"Nilikusamehe pale pale, ulipofungua mudomo mbele ya bantu. Haikuwa rahisi, nilijua." Tantine aliinama ili nyuso zao zikaribiane. "Lakini usikie muzuri. Minye nilificha ugonjwa, nikakubebesha siri isiyokuwa ya mutoto. Ile kosa ni yangu. Yako ni hii: nilipoambiwa kuna kurasa mbili, sikukushuku weye hata kidogo. Nilijishuku minye. Ukimudanganya muntu anayekuamini, haumunyimi ukweli tu, Orpha. Unamufanya aache kuamini akili yake mwenyewe."