Riwaya Zilizofungia Bajia

Watu wa Kuze, leo sibembelezi mtu. Nisikilizeni, na anayehisi anasemwa yeye, basi ni yeye.

Mwaka wa tisini na nne, nyumba ya Muhdhar muuza bajia ilikuwa imetulia tuli. Alasiri binti yake Shahd alikaa jikoni akimsomea riwaya Dama, mtumishi wao kutoka Kaloleni, huku Dama akikuna nazi. Siku moja walifika pahali mama anapotenganishwa na mwanawe. Dama akaangua kilio. Ndipo Shahd alipojua kuwa Dama ana mtoto, Fondo, aliyemwacha kwa nyanyake.

Wiki ile ile zikaja habari kuwa Fondo ana homa kali. Dama akaomba ruhusa aende.

"Wageni wa posa ya Shahd waja Jumamosi, biriani atapika nani?" Muhdhar akafoka. "Nyinyi kila siku mna mgonjwa. Hadithi tu!"

"Baba," Shahd akasema, "lau ningekuwa mimi nimelala na homa, na mama amezuiliwa asije, ungesemaje?"

"Umeona? Vitabu vyako vya uongo ndivyo vinavyokuharibu!"

Akazikusanya riwaya zote, akateremka nazo dukani, akawa anachana kurasa kuwafungia wateja bajia. Nanyi mkanunua! Mkacheka, mkazipangusia vidole vyenye mafuta. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Dama mwanawe ana hali gani. Ptu!

Dama alipika biriani huku machozi yakimtoka. Wageni wakala, wakasifu. Jumapili akaenda kwao, akakuta Fondo ameshazikwa.

Aibu ikamwingia Muhdhar, akafunga safari hadi matangani.

"Makiwa, Dama."

Sote twajua jibu lake ni "yamepita." Dama hakulitoa.

"Wallahi sikujua kama ni kweli," Muhdhar akasema.

"Shahd alijua, bwana," Dama akamjibu. "Na wala hakuwahi kumwona Fondo."

Dama hakurudi Kuze tena. Shahd hadi leo hali bajia za babake.

FUNZO

Enyi mnaoziita hadithi uongo, oneni haya! Aliyezoea kumlilia mtu wa kitabuni, ambaye hata hakuzaliwa, hawezi kumpita mtu anayelia jikoni mwake. Muhdhar alijua kusoma vizuri sana, ila hakutaka kujitia mahali pa mwenziwe hata kidogo. Waacheni watoto wasome hadithi, nanyi someni. Na mtumishi akikwambia mwanawe mgonjwa, mwache aende leo. Biriani pika mwenyewe.